Giaboksi ya otomatiki inapoanza kufa: ovaholi au kuweka nyingine?

Unaweka rivasi, gari halijibu. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gia inaingia kwa kishindo kinachotikisa kiti. Au uko mlimani, unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele na mshale wa mzunguko unapanda, ila gari lenyewe linajikokota. Ukifika gereji unajibiwa ndani ya dakika tano: "Giaboksi imekufa hii, tafuta nyingine."

Huenda jibu hilo ni sahihi. Shida ni kwamba aliyelitoa bado hajafungua kitu wala kupima chochote. Mimi niliwahi kulikubali. Gari langu lilikuwa likipata joto linakwama gia ya pili na haliondoki hapo. Nikanunua giaboksi iliyotumika, ikafungwa, na siku ya tatu likakwama gia ya pili vilevile. Kumbe oili ilikuwa imevuja kwenye soketi ya waya, ikapanda kwa ndani ya waya wenyewe hadi kwenye kompyuta ya giaboksi. Giaboksi yangu ya kwanza ilikuwa nzima, na wakati huo ilishauzwa kama chuma chakavu. Ndiyo maana kwenye mwongozo huu nitakaa muda mrefu kwenye uchunguzi. Swali la ovaholi, yaani kuifungua na kuitengeneza upya, au kuweka nyingine haliulizwi mpaka ujue ni nini kilichokufa.

1. Acha kuliendesha, na livutwe inavyotakiwa

Pleti za klachi zikishaanza kuteleza, kila kilomita unayoongeza inazichoma zaidi. Unga wake unasambaa kwenye oili, unaziba filta, unaingia kwenye njia nyembamba za valvu. Kazi ambayo leo ni ya pleti na sili, wiki ijayo inaweza kuwa ya dramu na pampu pia.

Usikubali livutwe kwa kamba huku matairi yanayoendeshwa na giaboksi yakizunguka barabarani. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili. Gari linalosukumwa na matairi ya mbele linyanyuliwe mbele. Kama ni la matairi yote manne, lipakiwe zima juu ya bredauni.

Andika pia kwenye karatasi gari linafanya nini hasa. Linateleza gia ipi? Likiwa baridi au moto? Rivasi ikoje? Fundi anayeijua kazi yake atakushukuru, kwa sababu kila klachi ya ndani hutumika kwenye gia fulani tu, na gia zinazokosekana humwonyesha klachi ipi imekwisha. Gari linalochelewa kuingiza gia asubuhi kisha likapona likipata joto, mara nyingi lina sili zilizokauka. Lililo zuri likiwa baridi na baya likiwa moto, mara nyingi lina presha inayovuja ndani oili inapokuwa nyepesi, au tatizo la umeme.

2. Jua una giaboksi ya aina gani

Watu huita zote "otomatiki", lakini kuna aina tatu zinazotofautiana sana. Ya kawaida ina toki konvata, lile dude la mviringo kama boga lililokaa kati ya injini na giaboksi, halafu seti za gia na pleti za klachi. Hiyo ndiyo inayokubali ovaholi vizuri. CVT haina ngazi za gia. Ina mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili, na mkanda ukishakwaruza uso wa puli, ukarabati unakuwa mgumu na wengi huishia kuweka nyingine. Ya tatu ina klachi mbili na hufanya kazi kama gia ya mkono inayojibadilisha yenyewe. Hapo mara nyingi kinachoharibika ni klachi zenyewe au kitengo cha umeme na valvu, na vyote vinaweza kubadilishwa bila kugusa gia za ndani.

3. Oili: kiwango, rangi, harufu

Hapa hutumii hata shilingi, na majibu yake ni mengi.

Kama kuna kijiti cha kupimia, soma kitabu cha gari kwanza. Magari mengi hupimwa injini ikiwa moto na inaunguruma, lakini Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya kupata joto. Ukikosea utaratibu, unasoma uongo. Magari mengi ya kisasa hayana kijiti kabisa. Hupimwa kwa kufungua nati ya chini oili ikiwa kwenye nyuzijoto iliyotajwa na kiwanda, na kiwango ni sawa oili inapodondoka kidogo kidogo.

Oili pungufu peke yake inaweza kuleta dalili zote nilizozitaja mwanzoni. Pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi hazishiki. Nimeona giaboksi iliyohukumiwa kifo ikafufuka kwa sili moja ya shafti na lita moja na nusu ya oili. Basi tafuta kwanza panapovuja.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nyingi za giaboksi zikiwa mpya huwa nyekundu. Ikiwa ya kahawia kidogo, ni uzee. Ikiwa nyeusi na inanuka kama mkate ulioungua, pleti zimeshaungua. Ikiwa ya waridi iliyokorogeka kama maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia. Kwenye magari mengi kipoza oili hukaa ndani ya tangi la rejeta, na kikitoboka vimiminika viwili hivyo vinachanganyika. Hii ni hali mbaya, kwa sababu kulanti, yaani hayo maji ya rejeta, hulegeza gundi inayoshikilia kitambaa cha klachi kwenye pleti. Usishawishiwe kumwaga na kujaza mpya ukadhani umemaliza.

Na kuhusu kumwaga: oili mpya haiponyeshi pleti zilizoungua. Kubadilisha oili ni kinga ya giaboksi nzima. Wapo wanaosema oili ya kiwandani ni ya maisha yote, lakini ZF, watengenezaji wakubwa wa giaboksi hizi, wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8.

4. Soma kompyuta, kisha waya

Unganisha mashine ya kusoma hitilafu, na hakikisha ni ile inayofika hadi kompyuta ya giaboksi. Namba P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. Haisemi ni nini, kwa hiyo fundi anayekuonyesha P0700 peke yake na kuhitimisha, hajakuonyesha kitu. Tafuta zinazoifuata. P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa kuingia, P0720 ya mzunguko wa kutoka. P0750 na jirani zake ni za solenoidi za kubadili gia, yaani valvu ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. P0741 inasema klachi ya ndani ya toki konvata haishiki. P0730 hadi P0735 ndizo za kuogopa zaidi, maana kompyuta imelinganisha mzunguko unaoingia na unaotoka ikakuta gia haishiki sawasawa.

Hata hivyo namba haisemi "nunua hiki". Solenoidi inaweza kulalamikiwa kwa sababu ya waya uliokatika au betri dhaifu. Pima volti ya betri injini ikiwa inawaka, kagua nyaya za ethi, chomoa soketi ya giaboksi uangalie kama ina oili au kutu. Mercedes-Benz zenye giaboksi ya 722.6 zinajulikana kwa oili inayovuja kwenye soketi ile ya mviringo na kupanda kwenye waya hadi kwenye kompyuta. Giaboksi za ZF za gia sita zinajulikana kwa kuvuja kwenye mpira unaozunguka soketi ya kitengo cha valvu. Vyote viwili ni vipande vidogo.

Gari lililokwama gia moja, ya pili au ya tatu, si lazima liwe limekufa. Kompyuta ikiona jambo isilolielewa hujilinda kwa kushikilia gia moja ili ufike nyumbani. Ni hali ya dharura, na mara nyingi chanzo chake ni umeme.

Kabla ya kuondoka hapa, iangalie na injini. Plagi au koili inayokosa moto huleta mtetemo unaofanana kabisa na wa toki konvata mbovu. Mauntini iliyopasuka, yaani mpira unaoshikilia injini au giaboksi, huleta kishindo unapotoka P kwenda D, na fundi mwenye haraka atakiita cha giaboksi.

5. Fungua sampu, na uwepo ikifunguliwa

Sampu ni bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Hatua hii ndiyo inayoamua, na nakusihi usimwachie mtu. Kabla ya kumwaga oili, fundi afungue kwanza nati ya kujazia. Ikiwa imegoma na oili imeshamwagwa, gari halitoki pale.

Sampu ikishuka, usianze na oili. Angalia sumaku zilizobandikwa chini yake. Zitakuwa zimefunikwa na kitu cha kijivu kilaini kama tope la mfinyanzi. Pakaza kidogo kwenye kidole gumba, usugue. Kikiwa laini kabisa, kama masizi yaliyolowa mafuta, huo ni ulaji wa kawaida wa miaka mingi. Ukihisi chembe zinazokwaruza ngozi, au ukiona vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki, chuma kigumu kimeanza kuliwa: gia, beringi au dramu. Vumbi la rangi ya shaba au dhahabu halishikwi na sumaku, kwa hiyo litafute kwenye oili iliyotuama pembeni. Hilo ni la bushi. Vipande vyeusi vyepesi kama maganda ya mkaa ni kitambaa cha pleti.

Piga picha. Kata filta ufungue, uone ilichokamata. Halafu fundi mwenye geji apime presha ya oili kwenye nati ya kupimia, kama giaboksi yako inayo. Presha ikiwa chini kwenye gia zote, pampu au valvu kuu inatuhumiwa. Ikiwa chini kwenye gia moja, ni klachi ya gia hiyo.

6. Sasa weka tatizo kwenye fungu lake

Kuna fungu la kwanza ambalo halihitaji ovaholi wala giaboksi nyingine: oili, sili za nje, sensa, waya, solenoidi, na mara nyingi valvu bodi nzima, yaani lile bamba lenye vijia vya oili na valvu ndogo zinazoamua gia ipi ipate presha. Kwenye magari mengi valvu bodi hutolewa kwa chini giaboksi ikiwa bado imefungwa. Ukiwa na sumaku safi, oili isiyonuka na gia inayogonga au kuchelewa, anzia hapa.

Fungu la pili ni la ovaholi: pleti zimeungua, sili za ndani zimekauka, lakini vyuma vikubwa ni vizima.

Fungu la tatu ni la kubadilisha: nyumba ya giaboksi imepasuka, seti ya gia imevunjika, dramu na shafti vimelika, CVT imekwaruza puli, au giaboksi ni ya aina ambayo spea zake za ndani hazipatikani. Giaboksi iliyoingia maji nayo huwa nailaza upande huu, isipokuwa iligundulika mapema na fundi yuko tayari kubadilisha kila pleti pamoja na toki konvata.

7. Hesabu

Usilinganishe bei ya ovaholi na bei ya giaboksi tu. Linganisha na gari lako. Tuseme gari hili likiwa linatembea vizuri lingeuzika kwa 100, na hivi lilivyo, limekufa, lingeuzika kwa 40. Ukarabati wowote unakurudishia thamani ya 60. Ovaholi ya 35 ina maana. Giaboksi iliyotengenezwa upya kiwandani kwa 55 inabana, na ikiwa injini nayo inakula oili na chini kuna kutu, hesabu imeshavunjika. Hapo kuuza lilivyo, kwa mtu unayemwambia ukweli wote, ni uamuzi wa heshima.

Giaboksi iliyotumika ndiyo huonekana rahisi kuliko zote, na hapo ndipo wengi tunaumia. Tuseme inanunuliwa kwa 12 na kazi ya kushusha na kupandisha ni 8. Jumla 20, dhidi ya 35 za ovaholi. Ikikataa, unalipa tena 12 na 8. Umefika 40, umepita ovaholi, na bado una giaboksi usiyoijua historia yake. Kwa hiyo ninaikubali kwa masharti: gari liwe la kawaida lenye giaboksi sifa yake njema, muuzaji aandike muda wa kurudisha, na sampu yake ifunguliwe kabla haijapandishwa. Muuzaji anayekataa sampu ifunguliwe amekwisha kukujibu.

Muda utakaokaa na gari nao ni pesa. Kama ni la miaka mitano ijayo, ovaholi nzuri au ya kiwandani. Kama utaliuza karibuni, usitumbukize akiba yako humo.

8. Ukichagua ovaholi, kubalianeni kwa maandishi

Ovaholi ni neno pana mno. Kwa fundi mmoja ni kubadilisha pleti zilizoungua na kurudisha kila kitu kingine. Kwa mwingine ni kufungua chote, kuosha chote, kupima chote. Ya pili ndiyo unayotaka: pleti zote za kitambaa, si za klachi moja tu, pamoja na pleti za chuma zilizobadilika rangi, sili zote, gasketi, filta, bushi zilizolegea, na valvu bodi iliyofunguliwa na kuoshwa. Toki konvata ibadilishwe au ikatwe, isafishwe na kuchomelewa upya na watu wa kazi hiyo. Kuacha konvata ya zamani ni kumwaga uchafu wote wa zamani kwenye kazi mpya.

Muulize fundi: umewahi kufungua modeli hii hii? Sababu ya kuungua ni nini? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Pleti haziungui zenyewe, zinaunguzwa na presha ndogo, joto au oili isiyo yake. Asiyejua sababu atakurudishia giaboksi itakayoungua tena. Omba uoneshwe vipande vya zamani. Dhamana itaje miezi na kilomita, na iseme wazi kama gharama ya kushusha na kupandisha imo.

Ukimkosa fundi wa namna hiyo, chukua ya kiwandani hata kama tatizo lako liko fungu la pili. Ovaholi inategemea mikono.

9. Ukichagua nyingine, hakikisha ni yenyewe

Soma kibati cha giaboksi yako, usiishie kwenye jina la gari na mwaka. Injini ileile inaweza kuwa na giaboksi zinazofanana kwa macho lakini zenye uwiano tofauti wa gia, soketi tofauti au kompyuta isiyopatana. Mpe muuzaji namba ya chasisi na picha ya kibati. Uliza mapema kama itahitaji kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, na nani ana mashine hiyo. Kwa baadhi ya magari kazi haikamiliki bila hatua hii.

10. Siku ya kufunga

Haijalishi umechagua ipi, kipoza oili na mabomba yake visafishwe, au kipoza kibadilishwe. Chembe za chuma hubaki humo zikisubiri. Kama maji yaliingia, rejeta inabadilishwa bila mjadala.

Toki konvata lazima iingie mpaka mwisho kwenye pampu kabla giaboksi haijasogezwa kwenye injini. Fundi huizungusha taratibu huku akiisukuma, na husikika ikizama kwa hatua, mara nyingi mbili au tatu. Ikisimama nje kidogo na akaivuta kwa kukaza bolti, pampu inavunjika kabla gari halijawaka. Giaboksi na injini vinatakiwa vikutane kwa mkono, na bolti zikaze kilichokwisha kukutana.

Oili iwe ile iliyoandikwa na kiwanda. Toyota iliyoandikiwa oili ya ATF WS haiwekwi ile ya T-IV, na CVT haiwekwi oili ya giaboksi ya kawaida kamwe. Baada ya hapo kompyuta ifundishwe upya kwa mashine, kwa sababu bado inakumbuka klachi za zamani zilizolika na itazipiga mpya kwa presha isiyofaa. Safari za kwanza gia zinaweza kuwa ngumu kidogo zinapojizoesha. Kuteleza au kukosekana kwa gia si kuzoea, rudi siku hiyohiyo.

Kiwango cha oili kipimwe tena baada ya siku chache, na chini ya gari pakaguliwe kwa tochi. Wiki za mwanzo usivute mzigo. Ukifika kilomita 1,000, dondosha tena tone kwenye karatasi nyeupe. Likiwa jekundu safi, endelea na safari. Likiwa limeanza kuwa jeusi, zima gari hapo ulipo, toa karatasi ya dhamana na zile picha za sampu, umpigie fundi.